Fundi wa Free Area aliyemnasa ‘afande’ kwa kumnyima suruali

Saa moja asubuhi, cherehani ya Hadiya Ishak tayari inalia ndani ya kibanda chake cha mabati mtaani Free Area, Nakuru. Mguu uko kwenye pedali, macho yako kwenye pindo la suruali ya buluu, lakini moyo hauko hapo. Moyo uko kwenye neno aliloletewa jana pamoja na maziwa.

“Nafasi za polisi zishagawanywa,” ndivyo neno lenyewe linavyosema. “Siku ya kukimbia ni sinema tu. Majina yako mkoani, yamepigwa muhuri. Asiye na mtu wake asisumbue viatu.”

Nani kasema? Hakuna ajuaye. Muuza mboga kalisikia kwa mtu wa boda, mtu wa boda kalisikia kwa kinyozi, na kinyozi naye anaapa kwamba limetoka ndani kabisa. Hadiya amejaribu kulifukuza kwa swala ya alfajiri, likarudi. Amefungulia redio, likakaa juu ya redio.

Nje, bintiye Najwa anatoka mazoezini, kilemba kimelowa jasho, anahema na kucheka kwa pamoja.

“Mama, leo nimefika mpaka barabara kuu nikarudi bila kusimama!”

Mama anatabasamu. Tabasamu la mdomo tu.

Hayo yalikuwa miezi kadhaa iliyopita. Leo Hadiya, mwenye umri wa miaka arubaini na saba, akiyasimulia hucheka mpaka huweka mkasi chini asijikate. Lakini anapofika kwenye ule uvumi, kicheko hukatika.

“Uvumi ni kama funza,” anasema. “Anaingia kwa mguu bila kupiga hodi. Ukisikia kuwasha, jua ameshakaa.”

Hadiya ni fundi wa nguo za askari. Si kwamba hushona sare. Sare hutoka serikalini. Kazi yake ni kurekebisha. Nguo za stoo, anasema, hutoka kwa saizi tatu, lakini askari huzaliwa kwa saizi elfu moja. Huyu suruali inamburuta, yule shati linambana tumbo, na mwingine amekonda baada ya kupelekwa doria ya porini Baringo, mshipi haushiki kitu.

Kukunja pindo ni shilingi mia na hamsini. Kupunguza kiuno ni mia mbili. Kibanda hulipiwa elfu nne kwa mwezi. Mwezi ukiwa mzuri hubaki na elfu kumi na mbili hivi, na kwa hizo, tangu mumewe Jalal afariki, amemsomesha Najwa hadi kidato cha nne.

Kazi hiyo ina adabu yake. Aliyemfundisha, mama mmoja mzee wa mtaa wa Bondeni, alimwambia siku ya kwanza: askari haulizwi. Akileta nguo, pima, shona, pokea, nyamaza. Askari hupenda kuuliza yeye.

Adabu hiyo ndiyo nusura imtoe roho.

Jumatatu moja alifika mteja mgeni. Mwanamume wa makamo, shingo imejaa, viatu vinang'aa hata ungeweza kuhesabia meno humo. Alijiita Afande Nicodemus. Alikuwa amevaa nguo za kiraia, na mkononi alibeba jaketi na suruali ya sare. Kwenye mkono wa jaketi kulikuwa na alama mbili za V, zile za koplo. Mfukoni akatoa nyota, zimefungwa kwa karatasi.

“Mathe, niwekee hizi begani.”

“Hongera, afande! Umepanda cheo!” Hadiya alisema. “Hizi V nizifumue?”

“Wacha tu,” mtu yule alijibu. “Zinapendeza.”

Zinapendeza! Hadiya alishangaa kidogo, akakumbuka adabu ya kazi, akanyamaza. Akazishona nyota. Suruali ikabaki ipunguzwe kiuno, mwenyewe akasema ataijia Ijumaa aijaribu.

Wakati huo Najwa alipita na ndoo ya maji. Mgeni alimtazama, akauliza kama yule msichana anajiandaa kwa usajili wa makurutu wa polisi. Hadiya akasema ndiyo, ni wiki ijayo, Jumatatu.

“Mko na mtu?”

“Tuna Mungu,” Hadiya alijibu.

“Mungu ni wa kila mtu. Mimi nauliza mtu wenu.” Akasogeza kigoda karibu. “Sikia, mathe. Mimi niko mkoani. Kenya Police. Hawa wa kaunti ni watoto wetu, tukipiga simu wanasimama. Wewe umenishonea vizuri. Siwezi kuona mtoto wako akikimbia bure.”

Funza akaguna ndani ya mguu.

Alichotaka mtu yule hakikuwa pesa kwanza, na hapo ndipo wazazi wengi hunaswa. Alitaka vyeti. Cheti cha mtihani, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyote vile vyenyewe, si nakala. “Mkoani hawataki fotokopi,” alisema. Pesa zingefuata Ijumaa, na alizozitaja zingenunua cherehani mbili mpya na kubakiza za uzi.

Hadiya alifunga kibanda kwa dakika chache, akaenda nyumbani, akavuta sanduku chini ya kitanda. Najwa alikuwa dukani. Mama akarudi na bahasha, akaitoa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. Mgeni akaitia kwenye mkoba wake mweusi, kando ya bahasha nyingine.

“Sikumwambia mtoto,” anasema. “Nilitaka siku akichukuliwa ndipo nimwambie. Nilijiona mama mjanja.”

Jumatano ndiyo siku ambayo Jerotich huja. Jerotich ni mkulima wa Molo, huko baridi hukaa mpaka saa nne asubuhi, na kila wiki hushuka Nakuru na viazi na maziwa. Amekuwa akimuuzia Hadiya kwa miaka mingi hadi wamekuwa kama mtu na dadake. Kijana wake, Kimeli, naye alikuwa anajiandaa kukimbia Molo.

Siku hiyo Jerotich aliingia akiwa na furaha ya kuficha, na furaha ya kuficha kwa Jerotich ni kama kuficha moshi kwa shuka.

“Mama Najwa, usiambie mtu. Nimepata mtu.”

“Mtu gani?”

“Wa Kimeli! Mkubwa wa AP, wale polisi wa kwa chifu. Yeye ndiye AP wa Molo yote. Nimeshampea vyeti. Jumamosi dalali anakuja kuchukua yule mtamba wangu mweusi.”

“Mtamba! Mama Kimeli, si ulisema huyo ndiye maziwa ya uzee wako?”

“Uzee utajisort. Kijana akivaa sare atanunua ng'ombe kumi.” Jerotich akaketi juu ya gunia, akaanza kumsifu mtu wake kama anayemsifu mkwe. “Unajua vile amevaa? Ana nyota hapa juu ya bega, halafu huku kwa mkono ana zile zingine, za kwenda hivi.” Akachora V hewani, moja, halafu ya pili. “Amejaa mapambo mpaka nikajiuliza kama ni Krismasi.”

Mkasi ukamponyoka Hadiya.

Bega lile alilijua. Ni yeye aliyelishona.

Hata hivyo aliuokota mkasi, akaendelea kukata. Labda, alijiambia, askari wanaweza kuwa hivyo. Labda mtu aweza kuwa mkubwa wa Kenya Police mkoani Jumatatu na mkubwa wa AP Molo Jumanne. Yeye aliishia darasa la saba, angejuaje? Angemuuliza nani?

Jibu lilikuja lenyewe mchana huo, likiwa na njaa. Koplo Kipketer wa kituo cha jirani ni mteja wa miaka mingi, mrefu, mwenye utani, na kila anapokuja kuchukua shati hula mahamri ya Hadiya bila kualikwa.

“Afande,” Hadiya alimwambia, kwa mara ya kwanza akivunja adabu ya kazi, “nikuulize kitu. Nyinyi mmepangwa namna gani?”

“Kupangwa? Unataka kutupindua, mathe?”

“Nataka kujua nani mkubwa wa nani.”

Kipketer alitazama mezani, akavuta mkebe wa vifungo, akaumwaga. Akachukua kifungo kikubwa cha koti, akakiweka juu kabisa.

“Huyu ni Inspekta Jenerali. Yeye ndiye juu ya polisi wote Kenya.” Chini yake akapanga vifungo vitatu. “Hawa wawili ni manaibu wake. Mmoja ni wa Kenya Police, mwingine ni wa AP, Polisi wa Utawala. Huyu wa tatu ni mkurugenzi wa upelelezi, wale wa DCI, wasiovaa sare. Kila mmoja na kazi yake. Huyu hashiki fimbo ya yule.”

Halafu akashusha mstari wa vifungo vidogo, kimoja kimoja, kama mtu anayepanda mahindi. Hapa kamanda wa kanda, ile watu bado huita mkoa. Hapa kamanda wa kaunti. Hapa wa kaunti ndogo. Hapa OCS, mkubwa wa kituo. Chini kabisa akaweka kifungo cha shati kilichovunjika ukingo.

“Na huyu?”

“Huyu ni mimi. Usicheke.”

Hadiya hakucheka. Aliuliza askari wa kaunti, wale wanaokimbiza wachuuzi, wako wapi kwenye meza ile. Kipketer akachukua pini, akaiweka mbali, karibu na pasi. “Hao wameajiriwa na kaunti. Si polisi. Hata chifu si polisi, ingawa AP zamani walikaa kwake.”

“Na usajili? Ni huyu wa mkoa anachagua?”

“Hakuna mtu mmoja anachagua. Kuna tume. Watu wanakimbia uwanjani, mchana kweupe, wanapimwa, vyeti vinaangaliwa hapo hapo, majina yanasomwa hapo hapo. Ni bure.”

“Sasa afande, mtu anaweza kuwa na nyota begani na V kwa mkono?”

Kipketer alicheka hadi hamri likampalia. “V ni za koplo na sajini! Ukifika inspekta, V zinatoka, nyota zinaingia. Huwezi kuwa kwa mguu na kwa gari wakati mmoja.”

“Na anaweza kuwa Kenya Police hapa na AP Molo?”

“Huyo ni malaika, mathe. Si askari.” Kicheko kikamwisha taratibu. “Nani huyo?”

Hadiya alisema anauliza tu. Kipketer akachukua shati lake, akaondoka.

“Niliogopa sindano yangu mwenyewe,” anakiri. “Mimi ndiye nilishona zile nyota. Nikajiona tayari nimefungwa pamoja naye.”

Jioni alimwambia Najwa. Anasema alitarajia kelele. Msichana hakupiga kelele. Alikaa chini, akavua raba moja, akaishika.

“Jumatatu bila vyeti hivyo hata mstarini sisimami.”

“Najua, mwanangu.”

“Basi twende kituoni sasa hivi.”

Hapo mama na mwana walibishana. Hadiya aliogopa kwamba polisi wakimkamata mtu yule barabarani mikono mitupu, atakana, na vyeti vitaishia jalalani. Yeye alitaka ashikwe akiwa na mkoba wake, na alijua siku atakayokuja nao: Ijumaa, kuchukua suruali na pesa.

“Ana vitu vyangu,” Hadiya alimwambia bintiye. “Na mimi nina kitu chake.”

Alhamisi alimpigia simu Jerotich, akamweleza yote. Upande wa pili Jerotich akalitaja jina la mtamba wake mara tatu, kama mtu anayeita aliyepotea. Akasema atashuka kesho yake asubuhi, siku ya soko au si siku ya soko.

Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, Afande Nicodemus alifika. Ana haraka. Mkoba mweusi uko kwapani. Jerotich ameketi nje nyuma ya magunia ya viazi, mtandio umeshuka hadi puani. Najwa anafagia mlangoni.

“Mathe, iko tayari? Na ile kitu ingine iko tayari?”

“Zote tayari, afande. Lakini jaribu suruali kwanza, nisikuaibishe.”

Kibanda cha Hadiya kina pazia pembeni ambapo wateja hujaribia nguo. Mtu yule akaweka mkoba juu ya kigoda, akaingia, akavua yake, akavaa ya sare. Akatoka kujionyesha. Hadiya akazunguka nyuma, akavuta kiuno, akasikitika kwa ulimi.

“Ah! Bado inapwaya huku nyuma. Mkubwa wa mkoa hawezi kutembea hivi. Vua nipitishe mshono mmoja. Dakika moja.”

Mtu yule akarudi ndani. Mkono ukatokea na suruali ya sare. Hadiya akaipokea. Halafu, kwa utulivu wa mwanamke aliyefanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini, akapenyeza mkono wake upande wa pili wa pazia na kuondoa kwenye msumari ile suruali nyingine, ya kiraia.

Ufagio wa Najwa ukaanguka. Msichana akaondoka mbio kuelekea kituoni. Waliomwona siku hiyo wanasema hakukimbia, alitolewa kama jiwe kwenye manati.

“Mathe, imeisha?”

“Bado, afande. Uzi umekatika.”

Mkono ukapapasa msumari nyuma ya pazia.

“Mathe, na hii yangu ingine iko wapi?”

Hadiya alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkoba umefichwa nyuma ya miguu yake, suruali mbili zimekunjwa mapajani.

“Vyeti vya mtoto wangu viko wapi?”

“Viko mkoani, mathe. Vinashughulikiwa.”

“Basi na suruali zako ziko mkoani. Zinashughulikiwa.”

Jerotich hakuweza kuvumilia tena. Alivua mtandio, akaja hadi kwenye pazia akiwa na kiazi mkononi kikubwa kama ngumi. “Unanijua? Mimi ndiye mwenye mtamba mweusi! AP wa Molo yote, toka nje nikupigie saluti!”

Watu wa boda walio kwenye kona wakasikia, wakaja. Mchuuzi wa mitumba akaja. Ndani ya pazia mtu akatisha: atafunga kibanda, atafunga mtaa, atapiga simu Nairobi. Kijana mmoja wa boda akamjibu, “Piga, boss, na uwaambie wakuletee longi ya kuvaa.” Kicheko kikaenda hadi ng'ambo ya barabara. Yule bwana alitoa kichwa mara moja, akaona umati, akakirudisha kama kobe.

Hakuna aliyemgusa. Hadiya alisimama mlangoni akawaambia vijana, “Mtu asirushe hata kofi. Huyu ni mteja wangu, na bado sijamaliza naye.” Mzazi unayesoma hapa, litie hilo akilini, kwa maana umati ukianza kupiga hujui utaishia wapi.

Koplo Kipketer alifika na wenzake wawili, Najwa mbele yao. Alipoelezwa, akasimama mbele ya pazia, akajikohoza.

“Habari, afande?”

“Nzuri,” sauti ikajibu kutoka ndani, ndogo.

“Sisi tuko na mkubwa wa kituo, mkubwa wa kaunti ndogo, wa kaunti na wa kanda. Wewe uko kwa nani hapo, tumpigie aje na gari?”

Kipketer akaomba suruali ya kiraia, akaipitisha ndani. Ile ya sare akaiweka kando, ni ushahidi.

Mkoba ulifunguliwa kituoni mbele ya mashahidi. Vyeti vya Najwa vilikuwemo. Vya Kimeli vilikuwemo. Na zilikuwemo bahasha nyingine nyingi, za watoto wa Njoro, wa Subukia, wa Elburgon, kila moja na jina la mama juu yake kwa kalamu. Wengine walikuwa wameshatoa pesa.

Hadiya naye aliitwa kuandikisha taarifa. Aliingia kwa OCS, Inspekta Mkuu Chepkemboi. Kabla hajaulizwa akasema yote: nyota, V, “zinapendeza”, na jinsi alivyonyamaza.

“Mkuu, kama ni kunifunga, nifunge, lakini mtoto akimbie Jumatatu.”

Inspekta Mkuu aliyaandika yote. “Mama, kushonea mtu nyota bila kujua ni nani ni jambo baya. Umelisema mwenyewe na umetuletea mwizi. Utakuwa shahidi.” Kisha akaongeza: “Na kuanzia leo, ukisikia askari haulizwi, mwambie OCS amesema aulizwe.”

Mwanamume aliyejiita Nicodemus alishtakiwa na kesi bado inaendelea, kwa hiyo yeye tutamwachia mahakama.

Jumatatu ilipofika, Najwa alisimama mstarini na vyeti vyake mkononi, vile polisi walivyovinakili na kumrudishia. Hadiya alikaa nje ya uzio na wazazi wengine, tasbihi mkononi. Walikimbia, wakapimwa urefu, wakaangaliwa meno na miguu. Alasiri majina yakasomwa kwa kipaza sauti, na wote wakasikia, hata wauza maji.

La Najwa lilikuwa la tisa.

“Sikulia,” anasema Hadiya. “Nilipiga kigelegele mpaka afande mmoja akaniambia nipunguze. Nikamwambia, bwana, hii sipunguzi. Kiuno chako ndicho nitapunguza.”

Huko Molo, Kimeli hakuchukuliwa. Kifua kilikosa kidogo kufikia kipimo. Jerotich anasema atajaribu tena, na sasa anamlisha kijana kama anayenenepesha fahali. Mtamba mweusi ameshazaa, ndama jike, na maziwa yake ndiyo yanayonywewa kibandani Free Area siku hizi.

Kazi ya Hadiya imeongezeka badala ya kupungua. Ukutani ametundika ubao aliouandika kwa mkono: KITAMBULISHO CHA KAZI KWANZA, SINDANO BAADAYE. Askari hulalamika kwa mzaha, lakini hutoa. Hata Kipketer hutoa, ambaye amekula mahamri pale tangu akiwa hana V hata moja.

“Ananiuliza mimi!” Kipketer anasema, akionyesha kadi yake. “Mimi ambaye nilimfundisha kwa vifungo!”

“Na vifungo vyangu viwili hukurudisha,” Hadiya anamjibu bila kuinua kichwa.

Mipango yake ni miwili. Anataka kuongeza cherehani ya pili na kuwafundisha mafundi wengine wanaorekebisha sare kuuliza kabla ya kushona. Wanne wameshaanza kuja siku za Jumapili. Na anataka kuwepo Najwa atakapohitimu chuoni. Ameshanunua kitambaa cha buibui jipya. Anasema atatazama gwaride lote kwa adabu, lakini pindo la suruali ya mwanawe likiwa limepinda, hakuna kamanda wa kituo, wa kaunti wala wa kanda atakayemzuia kuingia uwanjani na sindano.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake ataenda kukimbia, haya ndiyo ya kuepuka, kama Hadiya alivyotuomba tuyaandike:

Usimpe mtu yeyote vyeti halisi vya mtoto nje ya uwanja wa usajili, hata kama amevaa sare.

Usitoe pesa. Kusajiliwa ni bure.

Usiuze ng'ombe, usikodishe shamba, usichukue mkopo kwa sababu ya “mtu wa ndani”.

Usimwamini mtu kwa nyota zake. Muulize jina, namba ya kazi na kituo, kisha nenda kituoni uulize kama wanamjua.

Usidhani kila mwenye sare ni polisi. Askari wa kaunti si polisi, chifu si polisi, na wote hawaandiki makurutu.

Usipeleke mbele neno usilojua limetoka kwa nani.

Usimpige mshukiwa wala usiache wengine wampige.

Usinyamaze kwa aibu ukishadanganywa. Nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Na usimzuie mtoto kwenda kukimbia kwa sababu anayeogopa ni wewe.